Kuchagua darubini ya bunduki itakayoivumilia barabara ya Longido

Risasi ilipita chini ya tumbo la swala granti, ikatimua vumbi nyuma yake, na yule dume akageuka kututazama kana kwamba tumemwita jina. Umbali ulikuwa mita 270. Upepo haukuwepo. Mteja alikuwa amelala kifudifudi, bunduki imetulia juu ya begi lake. Mtu huyohuyo, siku mbili nyuma, nje kidogo ya Arusha, alikuwa ametoboa karatasi kwa matundu matatu ambayo ungeyafunika kwa sarafu ya shilingi 200. Kwa hiyo sikumlaumu. Tuliporudi kwenye gari niliishika pete ya nyuma ya darubini yake, nikaigusa skrubu kwa ukucha. Ikazunguka.

Darubini yenyewe ilikuwa na thamani ya bodaboda mbili mpya. Pete zilizoishikilia zilinunuliwa kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wanne. Kati ya ile karatasi ya Arusha na yule swala kulikuwa na saa nyingi za rafu rodi: ukishaacha lami Longido unaelekea Kitumbeine, halafu unazunguka ukingo wa Gelai, na njia nzima gari linatetemeka mpaka meno yanagongana.

Nimo kwenye uwindaji wa kitalii tangu 1999. Nilianza Rungwa nikiwa mbeba maji nyuma ya wafuata nyayo, nikawa mfuata nyayo, na sasa nina leseni ya mwindaji bingwa. Kila mwaka, msimu unapokaribia kufunguliwa Julai 1, vijana wanaojifunza kazi na Watanzania wenzangu wenye vibali vya uwindaji wa wenyeji hunipigia simu na swali lilelile: "Mzee, darubini gani inavuta mbali?" Mimi huwajibu kwa kuuliza: utaifikishaje porini? Bunduki yako itapiga teke labda mara 40 kwa msimu mzima, ukihesabu na karatasi. Barabara itaipiga maelfu ya mara kabla ya chai ya saa nne.

Kwanza tuelewane masafa marefu ni yapi. Mitindo ya darubini kubwa inatoka magharibi ya Marekani, kule Wyoming na Montana, ambako mtu anasimama upande mmoja wa bonde na mnyama yuko upande wa pili, na kulivuka bonde ni kazi ya nusu siku. Kwetu, kwenye miombo ya Rungwa, risasi nyingi ni mita 80, wakati mwingine 40. Umasaini ndiko kunakofunguka: choroa, swala granti, swala twiga, hapo utapiga mita 200 mpaka 300. Mpaka wangu mimi ni 300. Zaidi ya hapo tunatembea, tunatambaa, au tunamwacha. Sheria hairuhusu kupiga ukiwa juu ya gari wala kuwinda usiku, hivyo miguu utaitumia tu. Ninayoandika hapa ni ya mtu mwenye bunduki iliyoandikishwa na kibali mkononi, anayetaka risasi moja imalize kazi.

Sasa fungua darubini kwa mawazo. Ndani ya bomba unaloliona kuna bomba jingine dogo, limebeba vioo vya kugeuza picha na, mara nyingi, ule msalaba wa kulengea. Nyuma limeshikwa kwa kitu kama bawaba. Mbele limebanwa: nobu ya juu inalisukuma chini, nobu ya pembeni inalisukuma kando, na springi inalisukuma kurudi. Ukizungusha nobu unasikia kidoko, kidoko, na kila kidoko ni mwendo mdogo kuliko unywele. Uimara wote wa darubini unaishi hapo, kwenye springi ile na bawaba ile. Springi ikichoka, bomba dogo halirudi pale lilipotoka. Bawaba ikilegea, linacheza. Kioo kinaweza kuwa kisafi kama maji ya chemchemi na bado risasi zikatawanyika, na wewe ukaanza kulaumu baruti, ukamlaumu fundi, ukajilaumu mwenyewe.

Niliwahi kushika darubini, mpya kabisa, iliyofungwa kwenye bunduki ya kaliba .375 H&H. Baada ya risasi ya kumi na moja mwenyewe akasema anasikia kitu. Nikaitikisa sikioni. Ikalia kama kayamba.

Bunduki kubwa ndiyo mtihani wa kwanza, na kwetu huwezi kuukwepa, maana nyati hapigwi na kitu kidogo; .375 ndiyo ya chini kwa wanyama hatari. Muulize muuzaji waziwazi kama mtengenezaji anaikubali darubini hiyo kwa .375 na kuendelea. Akianza kumung'unya maneno, irudishe kwenye boksi. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba bunduki za upepo zenye springi, zile za kupigia ndege, huua darubini haraka kuliko bunduki za baruti. Ya baruti hupiga teke kurudi nyuma. Ile ya upepo hurudi nyuma, kisha pistoni inapogonga mwisho inarusha kila kitu mbele, na vioo vingi vimefungwa kustahimili upande mmoja tu. Darubini iliyoandikwa kwamba inafaa bunduki ya upepo yenye springi imeshanieleza kitu kuhusu bawaba yake.

Kuhusu kukuza picha, hapa ndipo vijana wanapotupa pesa. Mteja anakuja na darubini ya kukuza mara 5 mpaka 25, kioo cha mbele milimita 56, uzito karibu kilo moja. Saa tano asubuhi, tambarare za Longido zimeshapata joto, mazigazi yanacheza juu ya ardhi. Ukimtazama choroa kwa mara 25 unaona mnyama aliyetengenezwa kwa maji: miguu inayeyuka, bega linapanda na kushuka. Punguza mpaka 8, ametulia. Darubini haikuzi mnyama peke yake, inakuza pia hewa iliyo katikati, inakuza mapigo ya moyo wako, na inapunguza upana wa unachokiona, kiasi kwamba akitembea hatua tatu umempoteza.

Kwa kazi zetu, kitu cha 2 mpaka 10, au 3 mpaka 12, chenye kioo cha mbele cha milimita 42 au 44, kinatosha Umasaini na bado kinafaa kwenye kichaka. Kwa bunduki ya nyati, 1 mpaka 6 yenye bomba lililonyooka mbele. Kadiri unavyoongeza ukubwa wa kioo ndivyo unavyoinua darubini juu ya bunduki, shavu linakosa pa kukaa, na uzito ule wote kila gari likiruka unazitesa skrubu zilezile nne. Darubini nyepesi hudumu kwa sababu ina kidogo cha kujiumiza nacho.

Na mwanga? Gawa milimita za kioo cha mbele kwa namba ya ukuzaji, utapata upana wa duara la mwanga linalofika jichoni. Kioo cha 42 ukiweka mara 6 ni milimita 7, kiasi ambacho mboni ya kijana hufunguka gizani. Ya mzee kama mimi haifiki huko, ni kama 5. Kioo cha 56 kwenye mara 25 kinakupa milimita 2 na kidogo. Kwa hiyo ile darubini ya kutisha, alfajiri, ikiwekwa kwenye namba yake kubwa, ni giza kuliko ndogo iliyowekwa kwenye 6.

Kitu kingine kinachohusu ngozi yako: nafasi kati ya jicho na kioo cha nyuma. Kwa bunduki za kuanzia .300 kwenda juu usikubali chini ya sentimita 9, na ijaribu ukiwa umevuta namba mpaka mwisho, maana kwenye darubini nyingi nafasi hupungua hapo. Wapo wateja wanne ambao wamerudi kwao na alama ya mwezi mchanga juu ya nyusi. Wa kwanza tulimshona kambini.

Msalaba upi? Mimi napenda mnene pembeni, mwembamba katikati, wenye alama chache za kushukia chini. Kuna misalaba imejaa vistari na namba kama ramani ya mabomba ya maji. Kwenye karatasi inapendeza, porini unapoteza sekunde mbili kutafuta katikati. Kuna inayonenepa na kukonda kadiri unavyokuza, na kuna inayobaki ilivyo. Ile ya kwanza alama zake ni sahihi kwenye kila namba, lakini ukishuka kwenye 3 ndani ya kichaka inakuwa unywele usioonekana. Ile ya pili alama zake zinasema kweli kwenye namba moja tu, kwa kawaida ile kubwa. Chagua, ila jua umechagua ipi. Katadoti kekundu ka katikati kanasaidia kwa nyati mweusi kwenye kivuli cheusi. Hakikisha tu msalaba unaonekana vizuri betri ikifa, maana CR2032 hutaipata Kitumbeine.

Nobu huja na vipimo viwili. Kimoja kila kidoko ni robo ya dakika ya pembe, yaani kama milimita 7 kwenye mita 100. Kingine ni sehemu ya kumi ya miliradiani, sentimita 1 kamili kwenye mita 100, sentimita 3 kwenye 300. Sisi tuliosoma kwa mita cha pili kinatukaa kichwani. Chukua .300 Winchester Magnum yenye risasi ya uzito wa punje 180: ukiisawazisha ipige katikati kwenye mita 200, kwenye 300 itashuka karibu sentimita 20. Hivyo vidoko 7. Kwenye 400 itashuka zaidi ya nusu mita, na hapo ndipo kosa la kukisia umbali linapogeuka kuwa mnyama aliyevunjika mguu. Kwa uwindaji tafuta nobu zenye kofia, au zenye kufuli. Nobu kubwa zilizo wazi huzungushwa na kila kitu: mkanda wa begi, kiti cha gari, mkono wa mpishi anayesogeza mizigo. Nimeshuhudia nobu imejizungusha raundi nzima ndani ya mfuko wa bunduki bila mtu kujua.

Nije kwenye pete, kwa sababu ndizo zilizoniandikisha haya.

Pete ziko umbali wa sentimita 10 hivi, moja mbele moja nyuma. Tuseme ya nyuma imesogea kwa unene wa karatasi moja ya daftari, sehemu ya kumi ya milimita. Piga hesabu: sehemu ya kumi ya milimita kwa sentimita 10 ni moja kwa elfu. Kwenye mita 300, moja kwa elfu ni sentimita 30. Karatasi moja ya daftari, na yule swala anaondoka akiwa mzima, au mbaya zaidi, akiwa na tundu la tumbo. Ndiyo maana nasema, ukiwa na fedha ya darubini nzuri kabisa, nunua inayoifuata kwa ubora na tofauti uimalizie kwenye pete na kitako chake, kile kipande kinachofungwa juu ya bunduki kubeba pete.

Pete ziwe za chuma cha pua, chuma, au alumini nene iliyokatwa kwa mashine, siyo ile ya kumiminwa kwenye kalibu ambayo ukiitazama pembeni unaona vitundu kama vya andazi. Bomba la darubini ni inchi moja, milimita 30 au milimita 34. Pete lazima zilingane, usiruhusu mtu akuwekee kipande cha bati kujazia. Bomba nene halimaanishi darubini ngumu zaidi moja kwa moja. Mara nyingi unapata nafasi zaidi ya kuzungusha nobu.

Kufunga kwenyewe, mpe fundi bunduki ukiweza. Ukifanya mwenyewe, anza na kitako. Toa skrubu, futa mafuta yote kwa petroli nyeupe au spiriti, kwenye skrubu na kwenye tundu, kausha. Tia tone la gundi ya skrubu, ile ya buluu inayofunguka kwa bisibisi, siyo nyekundu inayotaka moto. Kaza. Halafu nusu za chini za pete, laza darubini, isogeze mpaka uone picha nzima bila kivuli cheusi pembeni ukiwa umeweka shavu kama utakavyopiga, na uwe umevaa koti lile utakalovaa. Nyoosha msalaba kwa uzi wenye jiwe uliotundikwa kwenye mti mita 50 mbele. Kisha nusu za juu, ukikaza skrubu kwa zamu kama nati za tairi, huku na huku, mwanya ulingane pande zote.

Kiasi cha kukaza ndipo mikono yetu inapotudanganya. Watengenezaji wengi wa pete wanataka pauni-inchi 15 mpaka 18, ambayo ni kama nyutoni-mita 2 tu. Hiyo ni nguvu ya vidole viwili. Fundi wa gari aliyezoea spana ya 17 ataziminya pete mpaka bomba lipate kiuno, na bomba likipata kiuno lile bomba dogo la ndani haliendi tena mahali. Bisibisi yenye kipimo cha nguvu ni ndogo, inaingia mfukoni, na ningeinunua kabla ya kununua buti. Soma karatasi ya pete zako, ufuate namba yao. Ukishamaliza, chukua rangi ya kucha ya mama watoto, chora mstari mwembamba unaopita kwenye kichwa cha skrubu na kuingia kwenye pete. Mke wangu alilalamika nilipomaliza chupa ya kwanza, sasa ananinunulia yangu. Mstari ukikatika, skrubu imezunguka. Unajua kwa kutazama tu, kabla hujapoteza risasi.

Maji ni habari nyingine. Huko Moyowosi tunamwinda nzohe, swala wa kwenye maji, kutoka kwenye ulingo, juu ya mafunjo, kwa mwanga ule wa kwanza ambao bado una rangi ya majivu. Usiku ni baridi, asubuhi ni mvuke. Mteja mmoja alikaa saa mbili bila kutikisika, nzohe akatoka kwenye njia yake ya maji, mita 160, na alipoweka jicho akaona maziwa. Alifuta nje. Ukungu ulikuwa ndani. Mfuata nyayo wetu, mzee wa Kiha anayesema maneno kumi kwa siku, akamwambia taratibu, "Bwana, huyo anakwenda kunywa chai, sisi turudi."

Ukungu wa ndani una historia. Marekani, kampuni ya Leupold ya Oregon ilikuwa ikitengeneza vyombo vya wapima ardhi na vya kupima maji. Mmoja wa wenye kampuni, Marcus Leupold, alimkosa paa kwa sababu darubini yake ilijaa ukungu, akarudi nyumbani na hasira. Mwisho wakatoa darubini zao wenyewe, zilizojazwa naitrojeni kavu na kuzibwa. Leo karibu kila darubini ya maana inajazwa naitrojeni au agoni, kwa sababu hewa hizo hazina unyevu. Lakini gesi haikai kwa maombi, inakaa kwa oringi, vile vipete vya mpira vya kuzibia. Oringi ikikauka au kukatika, gesi inatoka na unyevu unaingia. Tafuta iliyoandikwa IPX7, maana yake imestahimili mita 1 ya maji kwa dakika 30, au zaidi, na ulizia kama inabaki imezibwa kofia za nobu zikiwa zimetolewa. Nyingine zinazibwa na kofia zenyewe, na kofia ndicho kitu cha kwanza kupotea.

Jaribio lake ni rahisi. Jaza ndoo maji ya vuguvugu, ya kuogea mtoto, zamisha darubini kabla hujaifunga kwenye bunduki, utazame dakika tano. Kapovu kadogo kamoja kaliko kwenye mwanya wa nje si neno. Mfululizo wa mapovu kutoka kwenye nobu au kwenye pete ya kioo cha nyuma, irudishe dukani ikiwa bado na risiti. Mwambie muuzaji mapema kwamba utafanya hivyo. Anayejiamini hucheka.

Dukani kwenyewe fanya haya bila haraka. Itikise sikioni. Mulika tochi kutoka mbele, chungulia kutoka nyuma, tafuta punje za rangi au uchafu unaotembea. Zungusha nobu mwanzo mpaka mwisho: vidoko viwe na sauti moja, kama mtu anayehesabu, visiwe na mahali pa kulegea kama unga. Zungusha pete ya ukuzaji. Kama inateleza kama kifuniko cha chupa ya mafuta, vumbi litaingia, na kama inataka mikono miwili, hutamuwahi pofu anayeondoka. Ilaze juu ya kitu kilichotulia, lenga alama mbali, kisha sogeza kichwa bila kuigusa. Msalaba ukielea juu ya alama, hiyo ndiyo paralaksi. Darubini nyingi za uwindaji zimerekebishwa kiwandani kwa umbali mmoja, mara nyingi yadi 100 au 150, na kwa mita 300 kosa lake ni dogo ukiweka jicho katikati. Ikielea sana kwenye mita 100, kuna tatizo.

Na angalia bandia. Zipo zenye jina kubwa, boksi zuri, na bei inayokufanya umpigie simu shemeji. Chukua namba ya darubini, mwandikie mtengenezaji, subiri jibu. Rafiki yangu alinunua moja ya "Austria" ambayo kwenye boksi lake neno la Kijerumani lilikosewa herufi.

Majina? Nitayataja kwa sababu mtaniuliza tu. Mikononi mwangu zimepita Swarovski za Absam kule Austria, Schmidt & Bender na Zeiss za Ujerumani, Leupold, na Nightforce za Idaho. Nightforce ni nzito na ngumu kama nyundo. Swarovski alfajiri huoni mwenzake. Leupold nyepesi zenye namba ndogo ndizo nimezikuta kwenye bunduki kuukuu za wawindaji wazee, rangi imechubuka mpaka alumini inang'aa, bado zinapiga pale zilipoambiwa. Ukinunua iliyotumika ya aina hiyo, yenye historia unayoijua, mara nyingi unapata nzuri kuliko mpya ya bei hiyohiyo.

Ukishaifunga, iweke kwenye karatasi, mita 100, juu ya mifuko ya mchanga. Sawazisha. Halafu piga mraba: risasi moja katikati, panda vidoko 20, piga, nenda kulia 20, piga, shuka 20, piga, rudi kushoto 20, piga. Ya mwisho iingie palepale pa kwanza, au iguse. Isiporudi, springi imeshakwambia ukweli, usiibembeleze. Weka pia karatasi ndefu yenye mstari wima uliopimwa kwa futi kamba. Miliradiani 5 ziwe sentimita 50 kamili. Zikiwa 47, si mwisho wa dunia kwa mita 300, lakini andika kwenye kitako cha bunduki.

Mtihani wangu wa mwisho haupo kwenye kitabu cha mtengenezaji yeyote. Baada ya kusawazisha, naiweka bunduki kwenye kishikio cha Land Cruiser, si kwenye boksi lenye sponji, na namwambia dereva twende Longido na kurudi kwa njia mbaya. Siku nzima. Tukirudi, kabla ya kunywa maji, napiga risasi tatu kwenye karatasi ileile. Zikikaa, nakagua mistari ya rangi ya kucha, na bunduki hiyo inaingia kazini. Kwa miaka hii, darubini zilizofeli mtihani huo ni nyingi kuliko zilizofeli kwa teke.

Vumbi la upande wa Ziwa Natron ni la majivu ya volkano, na ukilifuta kwa shati unasugua kioo kwa msasa. Pulizia kwanza kwa kipira cha hewa cha wapiga picha, kisha brashi laini, kisha kitambaa maalumu chenye unyevu kidogo. Kufunikia, mimi nimekata mpira wa ndani wa tairi ya pikipiki, nimeuvuta kutoka kioo cha mbele mpaka cha nyuma; unatoka kwa mkono mmoja, na unagharimu soda. Mchana bunduki isilale kwenye dashibodi. Na kila asubuhi ya tatu porini, risasi moja kwenye boksi la kadibodi, mita 100. Wateja wengine wanaona ni kupoteza risasi.

Kwenye .375 yangu nimeweka pete za kufunguka kwa kiwiko, na chini yake vilengeo vya chuma vimesawazishwa kwa mita 50. Kwenye sanduku la zana kuna darubini ya pili, ndogo, ya zamani, ikiwa ndani ya pete zake, imeshasawazishwa kwa bunduki ileile. Siku ile ya swala granti tuliifunga kwenye .300 ya mteja kwa dakika kumi, tukapiga risasi tano kuiweka sawa, na jioni, upande wa Gelai, akampata choroa. Mita 140. Tulitembea.